Nimebadilisha brekipedi za mbele, sasa pikipiki inalia kila nikishika breki. Shida iko wapi?

#1 Mwalimu_Soni
Wakuu, habari za jioni.

Pikipiki yangu ni cc 150, mbele ina diski, nyuma ngoma. Wiki iliyopita brekipedi za mbele zilikwisha, fundi mmoja hapa Lushoto akanibadilishia. Dakika kumi tu, kazi imekwisha, nikalipa nikaondoka.

Tangu siku ile inalia. Nikiwa kwenye mwendo iko kimya kabisa. Ikishuka kwenye km 20 kwa saa, pale unapokaribia kusimama, inatoa mluzi mwembamba hadi watu wa kijiweni wanageuka kuangalia. Asubuhi ndiyo huzidi. Halafu kuna sauti ya pili: nikipita kwenye mashimo, hata breki sijashika, nasikia ka-ka-ka hapo mbele. Hiyo sikuwahi kuwa nayo miaka yote minne.

Nilirudi kwa fundi akaniambia "itazoea yenyewe". Leo ni siku ya nane, nimeshatembea km 300 na zaidi.

Mimi nakaa Soni, na nashuka Mombo mara tatu kwa wiki, mara nyingine na mke wangu nyuma. Anayeijua ile barabara anajua kona zake na korongo lilivyo upande mmoja. Naomba mnieleze: hii ni kelele tu, au breki inaniambia kitu?

#2 Kaptula
Nakaa hapa, yangu nayo inalia. Waje mafundi.

#3 MzeeWaSpana
Mwalimu, fundi wako hakukudanganya moja kwa moja, ila amekupa nusu ya habari.

Brekipedi mpya uso wake ni bapa. Diski yako ya miaka minne siyo bapa, ina mifereji iliyochongwa na zile za zamani. Kwa hiyo siku za mwanzo zinagusana kwa vilele tu, na hapo ndipo mtetemo unapoanzia. Mluzi wa breki ni kitu kinachotetemeka kwa kasi kubwa, pedi inashika, inaachia, inashika, inaachia, na diski inapiga kama kengele. Mwendo ukipungua ndiyo sauti inajitokeza.

Lakini haizoei kwa kuigusagusa. Tafuta barabara tupu ya tambarare, nenda km 50 kwa saa, shika breki ya mbele kwa nguvu ya wastani hadi km 10, achia, ongeza mwendo tena. Fanya hivyo mara ishirini mpaka thelathini, ukiiacha ipate upepo kila baada ya mara chache. Usiibane tairi ikagoma, na usisimame huku umeishika ikiwa ya moto.

Na hilo usilifanyie kwenye mteremko wa Mombo, tafadhali.

#4 Boda_Tegeta
Mnazunguka tu. Hizo pedi ni feki. Mwambie akuoneshe boksi. Nimeendesha boda miaka saba, pedi orijino hailii hata siku moja.

#5 MzeeWaSpana
Boda_Tegeta, hapo nakupinga. Nimefunga pedi zilizotoka kiwandani na pikipiki, zikalia. Nimefunga za bei ya chini, zikanyamaza mpaka zikaisha. Jambo kubwa ni zimetengenezwa na nini. Zile zenye unga mwingi wa chuma zinakamata vizuri hata kwenye maji na joto, ila zina kelele zaidi na zinaila diski. Zile laini zinanyamaza, ila zinakwisha haraka na joto kali zinalihofia.

Feki zipo, sibishi. Feki utaijua pale ule unga unapobanduka kwenye bati lake, na hapo kelele ndiyo shida yako ndogo kuliko zote.

#6 Boda_Tegeta
Sawa mzee, lakini asiondoe feki kwenye orodha. Kuna mwenzetu hapa kijiweni pedi ilibanduka akabaki anasimamisha chuma kwa chuma. Diski ilikwenda siku ile ile.

#7 BintiWaMakambako
Ndugu mwalimu, mimi nafanya gereji ya pikipiki na baba yangu mwaka wa tisa sasa. Wenzangu wote wamejibu mluzi. Ile ka-ka-ka hakuna aliyeigusa, na mimi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Umetaja sauti mbili, usizichanganye. Mluzi unatokea ukishika breki. Mgongano wa ka-ka-ka unatokea hujashika. Maana yake kuna kitu kimelegea ambacho ukishika breki kinabanwa, kinatulia.

Ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibeba pedi na kuikumbatia diski, juu ya pedi, kuna springi ya bati jembamba. Kazi yake ni kuzisukuma pedi zisicheze. Fundi mwenye haraka akichomoa pedi za zamani, lile bati linaanguka kwenye vumbi, au linabaki limeganda kwenye uchafu analitupa nalo. Dakika kumi alizotumia hazitoshi hata kuosha kalipa. Jaribu hivi: ukiwa njiani kwenye mashimo, gusa breki kidogo sana. Sauti ikikata papo hapo, pedi zinacheza.

Angalia pia pini inayozishika pedi kama imekazwa na ina kifunga chake. Hiyo ikichomoka ukiwa kwenye kona za Soni, sitaki hata kuandika.

#8 Mwalimu_Soni
Dada, nimetoka kujaribu sasa hivi hapa nyumbani kwenye barabara ya vumbi. Nikigusa breki ka-ka-ka inakata. Nikiachia inarudi.

#9 BintiWaMakambako
Basi bati hakuna, au limewekwa kichwa chini. Usishuke Mombo kesho.

#10 Mtwapa_Rider
Salamu kutoka pwani ya Kenya. Huku kwetu Mtwapa breki kulia asubuhi ni kawaida, makanika wote wanajua. Usiku kuna umande na chumvi, diski inashika kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, ukishika breki mara tano sita inasuguliwa inatoka na kelele inaisha. Mwalimu amesema asubuhi ndiyo inazidi. Huko milimani si kuna ukungu?

#11 Mwalimu_Soni
Ukungu upo, ndugu yangu, tena mwingi miezi hii. Lakini mchana jua likiwaka bado inalia, kidogo kuliko asubuhi.

#12 Chuma_Chakavu
Kwa nini mnamtesa mwalimu? Achukue oili kidogo kwenye kidole, apake pembeni mwa diski. Kelele inaisha dakika moja. Nimefanya kwenye baiskeli mara nyingi.

#13 MzeeWaSpana
CHUMA_CHAKAVU FUTA HIYO POSTI.

Mwalimu usithubutu. Mtu yeyote anayesoma hapa asithubutu. Diski haiguswi na oili, grisi, wala mafuta ya kupaka mikono. Pedi inanyonya mafuta kama mkate unavyonyonya chai. Kelele itaisha kweli, kwa sababu breki itakuwa haipo.

#14 Boda_Tegeta
Chuma_Chakavu, wewe baki na baiskeli kaka. 😂

#15 Chuma_Chakavu
Nimeelewa wakuu, nimekosea. Asifanye.

#16 Kaptula
Hii ya mafuta imenigusa. Mimi nilipulizia mnyororo mafuta ya kopo pikipiki ikiwa imesimama, upepo ukarusha kwenye diski ya nyuma. Kesho yake inalia kama filimbi na haisimami vizuri. Nikaosha diski kwa petroli, ikatulia siku mbili, ikarudi. Jirani akanishauri nizichome pedi kwenye jiko la mkaa mafuta yatoke. Nikachoma, moshi ukatoka, nikasugua na msasa nikafunga. Imetulia kidogo lakini bado inalia. Je, niendelee kuzichoma?

#17 BintiWaMakambako
Usizichome tena Kaptula. Ukichoma unaunguza na ile gundi inayoshikilia unga kwenye bati. Juu utaona pakavu, ndani mafuta yapo, breki ikipata moto yanarudi juu. Ndiyo maana hata ulipoosha kwa petroli ilirudi baada ya siku mbili. Pedi iliyokunywa mafuta ni ya kutupa. Diski ioshe kwa spiriti au dawa maalumu ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa safi, funga pedi mpya. Petroli tuliyonayo inaacha utando wake, siipendi.

#18 Songwe_Express
Dada, kwenye kuchoma nakupinga kwa heshima. Sisi huku Tunduma tumechoma pedi miaka na miaka, zinafanya kazi. Spea bei juu, mtu hana hela ya kutupa pedi ya wiki mbili.

#19 BintiWaMakambako
Kaka yangu, bei naijua, wateja wangu ni hao hao. Ila wewe unaongelea zilizofanya kazi. Zilizobanduka wenyewe hawaandiki humu.

#20 MzeeWaSpana
Songwe, kwenye tambarare na mzigo mdogo zitakupeleka. Mwalimu anashuka na mke wake kwenye mteremko ambao ukianza kushika breki hauiachii mpaka bondeni.

#21 Ruvu_Juu
Naomba niingie kwa upande mwingine. Je, kuna mtu amemuuliza kama tairi ya mbele ilitolewa? Mafundi wengine huitoa ili wapate nafasi. Ikirudishwa, kuna vibushi viwili, yaani vibomba vifupi vya chuma, kwenye ekseli na havilingani urefu. Vikibadilishwa upande, diski haikai katikati ya kalipa, pedi moja inasugua muda wote. Na kama ekseli ilikazwa tairi likiwa hewani bila kubonyeza shoki mara chache kwanza, mguu mmoja wa shoki unakaa umevutwa. Kelele hapo haitaisha hata ubadilishe pedi kumi.

Kipimo ni rahisi. Weka stendi kubwa, inua mbele, zungusha tairi kwa mkono. Lizunguke huru. Kusikia mguso mwepesi wa shh-shh ni kawaida kwa breki ya diski. Likisimama baada ya nusu mzunguko, kuna kitu kimebana.

#22 Boda_Tegeta
Na yale meno ya spidomita hapo kwenye habu, katikati ya tairi. Tairi likirudishwa vibaya yanakwaruza, mtu analaumu breki wiki nzima.

#23 Ruvu_Juu
Sahihi. Ila hayo yatakwaruza hata hujashika breki, na hayatoi mluzi.

#24 Mwalimu_Soni
Tairi halikutolewa, nilikuwepo. Nimeinua mbele kama Ruvu_Juu alivyoelekeza: linazunguka, lakini ni zito. Linazunguka mara moja na robo linasimama. Sijui ndiyo kawaida au la.

#25 MzeeWaSpana
Hiyo ni nzito. Sasa tuna jambo la tatu.

Pedi za zamani zilipokwisha, pistoni ya kalipa, ile inayoisukuma pedi kwenye diski, ilikuwa imetoka nje sana. Sehemu iliyotoka ilikaa kwenye vumbi na matope ya miaka minne. Fundi alipoweka pedi nene mpya ilibidi airudishe pistoni ndani, na kama hakuiosha ameisukuma pamoja na uchafu wake. Kumbuka pistoni haina springi ya kuirudisha. Kinachoirudisha ni mpira wake: ukishika breki mpira unajikunja, ukiachia unajinyoosha na kuivuta nyuma sehemu ndogo sana ya milimita. Uchafu ukiingia hapo hairudi, pedi inabaki imegusa diski, inapata moto, uso wake unakuwa kioo. Pedi yenye uso wa kioo inalia, na inakamata kidogo.

Safari ijayo ukifika, sogeza mkono karibu na diski bila kuigusa, usije ukaungua. Kama ulitembea bila kushika breki sana na diski inatoa joto la pasi, ndiyo hiyo.

#26 BintiWaMakambako
Naongeza pini mbili ambazo kalipa inatelezea. Zikikauka, pedi ya upande wa pistoni inafanya kazi peke yake na ya pili inaburuzwa. Zitolewe, zifutwe, zipakwe grisi ya silikoni. Siyo grisi ya beringi, hiyo inavimbisha mipira yake na mwezi ujao zinaganda kabisa.

Na kabla ya kuirudisha pistoni: mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni, kausha. Hakuna petroli, hakuna mafuta ya taa, mpira wake hauyapendi. Ukimaliza kufunga, pampu mkono wa breki mpaka uwe mgumu KABLA hujakaa juu ya pikipiki. Baba yangu aliwahi kumuona kijana ametoka na pedi mpya, kashika breki mara ya kwanza, mkono umekwenda hadi kwenye usukani, akaishia kwenye mtaro mbele ya gereji.

#27 Mtwapa_Rider
Jambo moja la afya. Msipulize lile vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi nyingine za bei ya chini bado huenda zina asbesto, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Loanisha na maji, futa na kitambaa, kitupe.

#28 Nondo_16
Na diski? Diski ikishafika milimita 3 ni ya kutupa, pikipiki zote.

#29 Ruvu_Juu
Siyo zote, Nondo. Kila diski imeandikiwa kipimo chake, angalia karibu na matundu utaona MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, na namba yake kwa milimita. Ya kwangu inasema 3.5. Ukiingojea ifike 3 unaendeshea wembe. Na upime pale pedi inaposugua, usipime ukingoni, maana ukingo hauliwi, unabaki umesimama kama mdomo wa sahani.

Huo mdomo nao unapiga kelele. Pedi mpya ikiwa pana kidogo kuliko ya zamani, kona yake inapanda juu yake. Watu wanachukua msasa au tupa, wanapunguza kona za pedi mbele na nyuma kwa mshazari mdogo. Mluzi unapungua sana.

#30 Songwe_Express
Kupunguza kona nakubali, hata brekishuu za ngoma ya nyuma tunazifanyia hivyo. Ngoma ikilia, fungua, toa vumbi, piga msasa mwepesi, paka grisi chembe kwenye kile chuma kinachozipanua shuu. Chembe, siyo kijiko.

#31 Roli_Kitonga
Mimi dereva wa roli, pikipiki siijui sana, ila mteremko naujua. Mwalimu, wakati unasubiri spea: kama ni lazima ushuke, shuka na gia ndogo. Sisi Kitonga kanuni ni moja, usishuke kwa gia ambayo isingekupandisha. Breki inashikwa kwa nguvu, muda mfupi tu, inaachiwa ipoe. Ukiishika kidogo kidogo njia nzima unaipika.

#32 MzeeWaSpana
Umenena, dereva. Na mafuta ya breki, mwalimu, yalibadilishwa lini? Yananyonya unyevu kwenye hewa, na nyie mnaishi kwenye ukungu. DOT 4, hilo ni daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishajaa unyevu kipimo kinashuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko mkono unakuwa laini kama sponji. Hayahusiani na mluzi, lakini maadamu unafungua, badilisha. Soma kifuniko cha kikombe kinataka DOT ngapi.

#33 Mwalimu_Soni
Kusema kweli sijawahi kuyabadilisha. Miaka minne. Sikujua kama yanabadilishwa.

#34 Kaptula
Na mimi sikujua. Ahsante mzee.

#35 Mwalimu_Soni
MREJESHO. Samahani kwa kimya cha siku tano, kulikuwa na mitihani.

Jumamosi niliipeleka kwa fundi mwingine, Mombo. Nilishuka taratibu gia ya pili, peke yangu, mke alipanda gari. Nilisimama naye mpaka mwisho. Tulichokuta:

Bati la springi halikuwepo. Dada wa Makambako, uliliona ukiwa Makambako.

Pini moja ya kalipa ilikuwa kavu na ina kutu, ilitoka kwa kugongwa. Pistoni ilikuwa na matope yaliyokauka. Pedi ya ndani imeliwa zaidi ya ya nje kwa wiki mbili tu, na uso wake unang'aa.

Diski imeandikwa 3.5, yeye alipima 3.7. Ina mdomo ukingoni.

Tumeosha kila kitu, grisi ya silikoni, bati jipya, kona za pedi tumezipunguza, uso tumeupiga msasa, mafuta ya breki mapya. Ya zamani yalitoka rangi ya chai ya rangi. Tairi sasa linazunguka mara nne.

Ka-ka-ka imekwisha kabisa. Mkono wa breki umekuwa mgumu kama siku nilipoinunua. Lakini mluzi bado upo. Umepungua, haupo mchana, ila asubuhi mara nne tano za kwanza unalia.

#36 Mtwapa_Rider
Nilisema. Umande.

#37 MzeeWaSpana
Kwangu mimi pedi ilishakuwa kioo na msasa haukufika chini ya kioo. Hizo pedi zibadilishwe, safari hii uzifanyie zile mara thelathini tangu siku ya kwanza.

#38 Ruvu_Juu
Mimi nasema diski. 3.7 kwa kiwango cha 3.5 ni nyembamba, na chuma chembamba kinatetemeka kirahisi zaidi. Pedi mpya kwenye diski hiyo zitalia tena.

#39 Boda_Tegeta
Na boksi la pedi hajatuonesha mpaka leo.

#40 BintiWaMakambako
Mwalimu, nyuma ya pedi, upande wa bati linalogusa pistoni, zilikuja na kibati chembamba cha ziada au chenye mpira? Kama zilikuwa nacho na kikatupwa pamoja na lile springi, mluzi wa asubuhi unaweza kuwa ndio huo tu. Angalia na upande wa nje pia.

#41 Mwalimu_Soni
Dada, sikuangalia hapo. Boksi lilitupwa na fundi wa kwanza. Kesho jioni nikitoka shule nitafungua mwenyewe, spana nimenunua. Leo nimeshuka Mombo na mama watoto, breki imeshika vizuri kona zote. Amesema anausikia mluzi lakini haogopi tena.

#42 Kaptula
Lile bati la springi ulilipata kwa bei gani mwalimu? Nimefungua yangu sasa hivi, na mimi sina.